Lango, mkaguzi, konda au bure? Namna nne za kulinda nauli na abiria kwenye tramu

Mwaka 2009 nilikuwa konda, yule ambaye hapa Lubumbashi tunamwita receveur, kwenye taxi-bus ya Kasapa. Usiku mmoja, saa mbili ilishapita, mwanafunzi mmoja alipungukiwa franka 100. Akaniambia, "Yaya, niko na hii tu, unisaidie." Versement, yaani pesa anayodai mwenye gari kila jioni, ilikuwa haijatimia, na kinachopungua kilitoka mfukoni mwetu, dereva na mimi. Nikagonga bati, dereva akasimama, kijana akashuka mahali pasipo na taa wala nyumba. Asubuhi yake nikamwona kituoni, jicho limevimba, begi hana. Akapanda gari letu lilelile, akalipa nauli kamili, akaenda kukaa nyuma bila kusema neno.

Usiku ule nauli ililindwa. Aliyekosa ulinzi ni abiria. Tangu siku hiyo, nikisikia watu wanataja malipo ya nauli na usalama wa abiria kama kitu kimoja, mimi hutaka kwanza tuvitenganishe, maana nimeona kwa macho yangu namna kimoja kinavyoweza kukiumiza kingine.

Nauliza haya kwa sababu mjini kwetu mazungumzo ya treni ya abiria hayaishi. Foleni ikikushika kutoka Ruashi au Katuba kuingia mjini, lazima atokee mzee mmoja wa kusema: mji huu ulizaliwa pamoja na reli, mwaka 1910, mbona reli inabeba shaba na haibebi watu wa kazini? Ni swali zuri. Hapo watu wataanza kubishana kuhusu njia ipite wapi na nani atoe pesa. Mara chache utasikia mtu akiuliza nani atasimama mlangoni kudai nauli, atakuwa na mamlaka gani, na atakula wapi. Mimi naona swali hilo ndilo litakaloamua kama mama muuzaji wa mboga ataipenda tramu hiyo au ataikimbia.

Miji yenye treni nyepesi, yaani tramu na treni ndogo za mjini, imejaribu njia nne. Nimezipima kwa mambo tunayoyajua hapa: umeme unaokatika, pesa inayopita mkononi, giza la saa mbili usiku, na mtu ambaye kweli hana.

Lango

Lango linaeleweka haraka: hujalipa, hupiti. Manila, Ufilipino, walianza nalo tangu treni yao nyepesi ya kwanza, LRT-1, ilipofunguliwa mwaka 1984. Reli yao inapita juu ya nguzo, kila kituo kina ngazi, na ngazi ndiyo inayofanya lango liwe na maana, kwa sababu ukiziba ngazi umeziba kituo kizima. Lagos nao walipofungua Blue Line kwa abiria mnamo Septemba 2023, kilomita 13 na vituo 5, waliamua abiria agusishe kadi ya Cowry ndipo apite. Hakuna chenji ya kungojea, hakuna kubembelezana. Na kwa mtu wa Katuba aliyezoea kuona bei inapanda mara tu mvua inapoanza kunyesha, lango lina uzuri mmoja ambao siwezi kuudharau: bei yake haisikilizi mvua.

Tatizo ni kwamba tramu nyingi hazipiti juu. Zinapita barabarani, kituo ni jukwaa fupi lenye paa, na mtu anaweza kupanda kutoka upande wowote. Ukiweka lango pale, umeweka mlango bila ukuta. Los Angeles walifungua Blue Line mwaka 1990 bila lango hata moja. Karibu miaka 20 baadaye wakabadili mawazo na kuanza kuyafunga, na bado hadi leo kuna vituo vya katikati ya barabara ambavyo havikuwezekana. St. Louis, huko Missouri, waliendesha treni yao tangu 1993 bila malango. Abiria walipoanza kuogopa kupanda, wakaamua kuzungushia vituo vyote 38 uzio na malango kwa bajeti ya dola milioni 52 hivi. Gawanya mwenyewe: ni zaidi ya dola milioni 1.3 kwa kituo kimoja, kabla hujamlipa mtu hata mmoja wa kusimama hapo.

Kisha kuna umeme. Lango la kituo hutengenezwa lifunguke umeme unapokatika, ili moto ukitokea watu wasinaswe ndani. Ni kanuni nzuri, nisingependa iwe kinyume. Lakini mjini kwetu maana yake ni kwamba kila umeme ukiondoka, ama watu wote wanapita bure, ama unanunua jenereta na mafuta kwa kila kituo. Asiyeiweka gharama hiyo kwenye hesabu hajahesabu.

Na kuhusu usalama wenyewe, lango linamzuia asiye na pesa. Mwenye pesa na nia mbaya linampitisha. Tarehe 30 Desemba 2000 bomu lililipuka ndani ya treni ya LRT-1, na mashambulizi ya siku hiyo Manila yaliua watu 22. Malango yalikuwepo. Baadaye, kabla ya lango akawepo mlinzi wa kupekua mifuko. Kilichotafuta hatari pale kilikuwa mikono na macho ya mtu, na lango likabaki na kazi yake ya kuhesabu nauli.

Mkaguzi

Njia ya pili ndiyo inayotumika zaidi kwenye treni nyepesi za Ulaya na Marekani. Hakuna lango wala konda. Unanunua tikiti kituoni au unagusisha kadi, unapanda, unakaa. Siku nyingine hakuna anayekuuliza. Siku nyingine wakaguzi wawili wanaingia, kila mtu anaonyesha alichonacho, na asiye na tikiti anaandikiwa faini. San Diego walianza hivyo mwaka 1981, wakifuata desturi ya Ujerumani na Uswisi, na miji mingi ya Marekani ikawaiga.

Hesabu yake ni rahisi. Nchini Ujerumani faini ni euro 60 tangu 2015. Tuseme nauli ni euro 3, na mkwepaji anakaguliwa mara 1 katika safari 20. Ameokoa 60, amelipa 60, hana alichopata isipokuwa wasiwasi. Wakaguzi wakizidi, anapata hasara. Wakipungua, anacheka. Kwa hiyo shirika halihitaji kumkagua kila mtu, linahitaji tu watu wajue kwamba mkaguzi yupo kweli. Ni mfumo wa bei nafuu, tramu inasimama muda mfupi kwa sababu milango yote inafunguka, na kituo kinabaki wazi.

Hapa naomba tusimame kidogo, kwa sababu njia hii inaweza kuwa nzuri kuliko zote au mbaya kuliko zote, na tofauti inatoka kwenye kitu kimoja: mkaguzi anaweza kukufanya nini.

Ujerumani, kupanda bila kulipa ni kosa la jinai. Kifungu cha 265a cha sheria yao ya adhabu kinaanzia mwaka 1935 na kinaruhusu kifungo cha hadi mwaka mmoja. Kwa kawaida mtu hutozwa faini ya mahakama, lakini asiyeweza kuilipa anaweza kuishia gerezani kwa sababu ya safari ya euro tatu. Wengi wanaofika huko ni masikini, wagonjwa wa akili, watu wasio na makao. Miji kama Düsseldorf na Köln imeamua kutowashtaki tena watu hao kwa polisi, na kubaki na ile faini ya 60 peke yake. Huko Minnesota, hadi 2023, kosa hili lilikuwa la jinai na tikiti ya faini ilifika dola 180. Walio wengi hawakulipa. Mwaka huo sheria ikabadilishwa: kosa likawa la kiutawala, faini ya kwanza dola 35, na wanaokagua ni wafanyakazi maalumu wa shirika la usafiri. Polisi wakabaki na kazi yao. Ona jambo hilo: faini iliyo ndogo na inayodaiwa kweli inafanya kazi kuliko faini kubwa ya karatasini.

Seattle waliwahi kuwatumia walinzi wa kampuni kukagua tikiti kwenye Link, treni yao iliyofunguliwa 2009. Malalamiko yalipozidi kwamba abiria weusi ndio wanaoandikiwa zaidi, mwaka 2021 wakaanza kuweka wafanyakazi wao wenyewe ambao kazi yao ya kwanza ni kueleza na kuelekeza. Na Machi 2023 mahakama ya juu ya jimbo lao, Washington, katika kesi ya abiria wa basi huko Everett, iliona kwamba afisa wa polisi kumtaka abiria athibitishe malipo kwa namna ile, bila sababu ya kumshuku, kulivunja haki yake. Majaji walikuwa wanaangalia uzito wa sare na silaha mbele ya mtu aliyekaa kwenye kiti.

Lakini mfano unaonigusa zaidi ni Melbourne, Australia, mji wenye mtandao mkubwa wa tramu kuliko wote duniani. Mwaka 2014 walileta faini ya papo hapo: ukikamatwa bila nauli, unaweza kulipa dola 75 za kwao palepale, jambo limekwisha, au ungoje faini kamili ya zaidi ya dola 200 ambayo una haki ya kuipinga. Ilionekana kama huruma. Kumbe ilikuwa inamsukuma mtu alipe haraka hata kama hakuwa na kosa, hata kama mashine ilikuwa mbovu, kwa sababu kupinga ni ghali zaidi ya kukubali. Mkaguzi mkuu wa malalamiko wa jimbo akaukosoa mpango huo, na kuanzia Januari 2017 ukafutwa.

Mtu wa Lubumbashi akisoma habari hiyo hahitaji maelezo. Lipa hapa kidogo, au twende ofisini ulipe kikubwa. Sisi tumekua na sentensi hiyo barabarani. Tofauti ni kwamba huko Melbourne zile dola 75 ziliingia kwenye hesabu ya serikali, na bado wakaona si haki. Kwetu, faini inayolipwa mkononi inagawanyika kabla haijafika popote, na jina lake linageuka kuwa matabishi, yaani rushwa ndogo. Ukimpa mkaguzi uwezo wa kupokea pesa, hata akiwa mtu mwema na mcha Mungu, umemweka mahali pabaya. Ana watoto, mshahara umechelewa, na mbele yake amekaa mama mwenye beseni la samaki asiyejua kusoma tikiti yake. Ubaya wa kazi hiyo ungekuwa umepangwa tangu mwanzo na walioiandika.

Kwa hiyo nikiambiwa nichague njia ya mkaguzi, nitaikubali kwa masharti ambayo sitayapunguza. Mkaguzi asiguse pesa kamwe. Aandike namba, na abiria alipe kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money kwenda kwenye hesabu ya shirika, ndani ya siku kadhaa, huku kiasi kikiwa kimebandikwa ukutani kwa Kiswahili na Kifaransa. Mkaguzi apate mshahara wa mwezi usiohusiana na idadi ya faini. Watembee wawili wawili, namba zao kifuani zisomeke kutoka mbali. Na wasiwe polisi. Polisi waitwe kwa mwizi, kwa mlevi anayepiga watu, kwa mwenye kisu. Mtu aliyekosa franka 500 si kazi yao.

Konda

Watu wengi wanadhani konda ni mambo ya zamani, ya nchi zisizo na mashine. Mimi niliyeifanya kazi hiyo nawaambia waende wakaangalie historia ya miji miwili.

Melbourne, hiyohiyo, ilikuwa na makonda kwenye tramu zake hadi 1998. Waliondolewa ili kupunguza gharama, mashine za tikiti zikawekwa. Watu wakaziharibu mashine, wengine wakazipita kama vile hazipo, na nauli ikavuja. Ndipo ikabidi waajiri wakaguzi, wale waliofika hadi kwenye faini ya papo hapo. Yaani walimwondoa mtu aliyekuwa anakuuzia tikiti na kumsaidia bibi kushuka, wakamrudisha baadaye mtu mwingine ambaye kazi yake ni kukukamata. Wenyeji wa mji huo bado wanawakumbuka makonda wao kwa mapenzi.

Sheffield, Uingereza, walienda njia iliyo kinyume. Supertram yao ilianza 1994 na mashine vituoni. Ndani ya miaka michache wakaona hazifai, wakaajiri makonda. Tikiti zikauzwa ndani ya tramu, na abiria akawa na mtu wa kumwuliza.

Konda anaona. Hilo ndilo jambo ambalo halimo kwenye orodha za wahandisi. Nilikuwa najua nani amelewa kabla hajafungua mdomo. Nilijua mtoto yupi amepanda peke yake, mama gani ana uchungu wa kuzaa na anajikaza, kijana yupi amesimama nyuma ya mkoba wa mtu bila sababu. Kamera inaona pia, lakini kamera inaonyesha kesho, kwenye ofisi, jambo lililokwisha tokea. Konda anaweza kusema "wewe, sogea huku mbele" sasa hivi.

Ila lazima niseme ukweli wa upande wa pili, kwa sababu yule kijana wa Kasapa alishushwa na konda. Konda wetu wa taxi-bus hana mshahara. Yeye na dereva wanaishi kwa kinachobaki baada ya versement. Ndiyo maana anapakia watu wanne kwenye kiti cha watatu, anakata njia vipande viwili ili alipwe mara mbili, anapandisha bei jioni, na anamshusha mwenye upungufu gizani. Mpe mtu huyohuyo mshahara wa mwezi, sare, na tikiti zenye namba, na atakuwa mtu mwingine. Kwa hiyo mtu akisema "makonda ni wakorofi", namjibu kwamba anaona matunda ya versement na kumlaumu anayeyabeba.

Konda ana mipaka yake. Tramu iliyojaa saa moja asubuhi haina nafasi ya mtu kupita na kuuza tikiti. Addis Ababa, waliofungua treni yao nyepesi Septemba 2015, ya kwanza ya aina yake kusini mwa Sahara, wana mabehewa ya kubeba karibu watu 300 kila moja, na asubuhi yanajaa kweli. Wao waliuza tikiti za karatasi kwenye vibanda kando ya vituo, birr 2 hadi 6 kufuatana na umbali, na wakaweka watu wa kukagua. Bei hiyo ndogo iliwasaidia sana masikini wa mji. Lakini nauli ndogo haikutosha kununua vipuri, na nyingi kati ya treni zao 41 zikaishia kusimama. Nalitaja hili kwa wale wanaodhani kukwepa nauli ndilo shimo pekee linalovujisha pesa ya treni.

Njia ya katikati ipo: tikiti iuzwe nje, na mama wa kibanda cha simu kituoni aruhusiwe kuiuza kwa faida ndogo, huku konda akibaki ndani kwa ajili ya kukagua, kusaidia na kuita msaada. Mama huyo naye ni jicho moja zaidi kituoni, na taa ya kibanda chake ni taa.

Bure

Luxembourg ilifuta nauli nchi nzima kuanzia 2020, tramu ikiwemo. Tallinn, Estonia, iliwafutia wakaazi wake mwaka 2013. Kansas City, Marekani, tramu yake haijawahi kutoza tangu ianze 2016, inalipiwa na kodi maalumu ya eneo inamopita. Ugomvi wa nauli unaisha siku hiyohiyo: hakuna wa kushushwa, hakuna wa kuandikiwa.

Kwa Lubumbashi sitaichagua sasa. Luxembourg nauli zilikuwa sehemu ndogo ya gharama, na serikali ikaweza kuziba pengo. Sisi tuliona elimu ya msingi ilipotangazwa bure mwaka 2019: wazo lilikuwa la haki kabisa, watoto walijaa madarasani, na madarasa na mishahara havikuongezeka kwa kasi ile. Tramu ya bure isiyo na pesa ya matengenezo itakufa tukiwa tumeipanda. Kitu ambacho ningekubali ni bure kwa watoto wa shule wenye sare saa za masomo, kama gharama yake imeandikwa kwenye bajeti na jina la atakayelipa.

Hatari isiyojua nauli

Mei 26, 2017, ndani ya treni ya MAX huko Portland, mtu mmoja aliwatukana wasichana wawili, mmoja wao amevaa hijabu. Wanaume watatu wakaingilia kuwatetea. Wawili wakauawa kwa kisu, wa tatu akapona majeraha. Agosti 2025, Charlotte, North Carolina, msichana mkimbizi kutoka Ukraine alichomwa kisu akiwa amekaa kwenye kiti cha treni nyepesi, akafa palepale. Treni za miji hiyo miwili hazina malango, na kila mara tukio kama hilo likitokea husikika sauti ya kudai yajengwe. Lakini huko Charlotte maafisa wa ulinzi walikuwa ndani ya treni hiyohiyo, behewa lingine. Mimi hilo ndilo linaloniuma na kunifundisha: walikuwepo, umbali wa mlango mmoja.

Ndiyo maana nikilinganisha hizi njia nne kwa upande wa usalama peke yake, swali langu ni hili tu: saa mbili usiku, behewani mwangu, kuna mtu wa kazi au hakuna? Lango linamweka kituoni. Mkaguzi anapita mara moja moja. Njia ya bure haimweki popote, labda umwajiri makusudi. Konda yuko humo ndani, kituo hadi kituo.

Na usalama hauishi mlangoni mwa tramu. Mama anayeshuka Ruashi bado ana dakika 15 za kutembea. Kituo chenye taa, kibanda kilicho wazi, pikipiki za abiria zinazoegesha mahali pamoja panapojulikana, kitufe cha kumwita dereva kinachofanya kazi kweli: haya hayaleti nauli hata franka moja, na kwa hiyo ndiyo ya kwanza kukatwa bajeti inapopungua. Yeyote atakayetuletea michoro ya treni, tumwulize ukurasa wa taa uko wapi.

Ningechagua hivi

Reli ikipita juu au ndani ya uzio wake, vituo vikiwa vichache na umeme wa uhakika, wekeni malango kwenye vituo viwili vitatu vikubwa, mjini kati kwa mfano, ambako mtu wa kusimama hapo atakuwepo kwa vyovyote. Pengine pote yaacheni.

Ikipita barabarani, kama ninavyodhani itakuwa kwetu, chagueni konda wa mshahara ndani ya kila tramu kwa miaka ya mwanzo, na tikiti ziuzwe vibandani. Watu wakishazoea kulipa, na tramu zikianza kujaa kupita uwezo wa konda, ongezeni wakaguzi kwa masharti niliyotaja. Msianze na wakaguzi. Mji ambao watu wake wamechoshwa na usumbufu wa barabarani utawaona kama jina jipya la jambo la zamani, na mtakuwa mmepoteza imani ambayo mfumo huo unaihitaji ili ufanye kazi.

Na nyinyi wenye mabasi msiongoje reli. Mwenye gari mbili au tatu anaweza kuanza wiki hii: amlipe konda mshahara, aache versement ya kila jioni, abandike bei kwenye kioo. Atapoteza kidogo siku za mvua. Atapata abiria wanaomngojea yeye, hasa akina mama wa soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, wanaotoka alfajiri na wanaojua gari lipi halitawabadilishia bei njiani.

Sheria moja ningeiandika kabla ya nyingine zote, kwa tramu na kwa taxi-bus vilevile: jua likishazama, hakuna anayeshushwa kwa sababu ya nauli. Aandikwe jina na namba ya simu, afikishwe, alipe kesho. Yule kijana wa Kasapa alilipa kesho yake, nauli kamili, na mimi ndiye niliyeipokea.